Maziwa Waliyopewa Nguruwe

Rongai, 6 Machi 1955

Baba mpendwa,

Pokea salamu zangu na za Nicodemus. Je, mguu wako umepata nafuu tangu uanguke kwenye ngazi za kanisa? Na unakula nini sasa Mama hayupo? Usinidanganye, najua unakula viazi baridi ukiwa umesimama.

Sisi tunaendelea. Nicodemus bado anakamua ng'ombe wa bwana mzungu mwenye shamba, saa kumi alfajiri yuko zizini. Mimi nachuma maua ya pareto na wanawake wenzangu, ingawa mimba yangu ni ya miezi sita. Ndiyo maana Micah nilimwachisha ziwa mwezi wa Novemba, kwa kuwa maziwa si yake tena, ni ya huyu aliye tumboni. Nilipaka pilipili, akalia siku mbili. Sasa anakula uji wa unga wa posho asubuhi na ugali jioni, na amenona. Mashavu yamejaa, miguu imejaa. Jirani yangu Akoth hunitania: "Mama Micah, huyu unamlisha siri gani? Tupe na sisi!"

Kitu kimoja tu, Baba. Hachezi. Alikuwa anatembea vizuri, sasa ameacha. Anakaa pale nilipomweka. Nywele zimekuwa nyepesi, rangi ya majani makavu, na anaharisha. Kama unajua majani ya kumchemshia, niandikie.

Mwanao,
Nanyama


Kimilili, 15 Machi 1955

Nanyama, mama,

Nakusalimu na kumsalimu mkwe wangu. Mguu unatembea. Habari ya viazi ni kweli, lakini siku hizi nakaa.

Barua yako nimeisoma mara tatu. Kuna jambo sijawahi kukuambia. Unakumbuka yule mzaliwa wako wa kwanza, Nekesa, alivyosifiwa hapa nyumbani? Wiki ya mwisho nilimfunga ushanga mguuni. Nilipoondoa kidole niliona kimeacha kishimo, kama kwenye udongo wa chungu kibichi, na kishimo hakikurudi. Nilinyamaza. Kila mtu alikuwa akisema mtoto amenona, na mama yako alikuwa anafurahi sana. Sikutaka kumharibia furaha. Siku ya tano tukamzika. Na mama yako naye ameondoka kabla sijamwambia.

Sasa fanya hivi. Bonyeza mguu wa Micah kwa kidole gumba, uhesabu mpaka kumi, uondoe. Kishimo kikibaki, huo si unono, ni maji. Usitafute majani yoyote. Mpeleke hospitali Nakuru, na usingoje mwisho wa mwezi.

Baba yako


Kimilili, 30 Aprili 1955

Nanyama,

Salamu. Nilikuandikia, hukujibu. Nikaandika tena kupitia duka la Dhirajlal hapo Rongai, kimya. Karani wa posta akiniona kwa mbali anaanza kutikisa kichwa kabla sijafika.

Kama ni lile baya, liandike tu. Usinifiche kama mimi nilivyokuficha.

Baba yako


Rongai, 19 Mei 1955

Baba,

Micah yu hai. Nimetanguliza hilo kabla ya salamu, unisamehe. Barua zako zilizofuata ile ya kwanza nimezikuta dukani jana, tulipotoka hospitali.

Nilibonyeza mguu siku ileile barua yako ya kwanza ilipofika. Kishimo kilibaki. Siku hizi za hali ya hatari huwezi kwenda Nakuru bila barua ya ruhusa, kwa hiyo nilimbeba mpaka kwa Obura, nyapara wetu. Akacheka. "Mtoto mnono hivi unampeleka hospitali kufanya nini? Kumwonyesha?" Nikambonyeza Micah mbele yake. Obura alikitazama kile kishimo, akavaa kofia, akaenda mwenyewe kwa bwana kuomba barua.

Hospitali tulipokewa na nesi anaitwa Chepkosgei, mwanamke mrefu asiyebembeleza mtu.

"Mama, huyu hajanona. Huyu ana njaa."

"Njaa? Anamaliza sahani!"

"Anashiba unga. Mwili hauna cha kujijengea."

Wakaanza kumpa maziwa ya unga kutoka kwenye mkebe, yaliyokorogwa na maji, kijiko kimoja kimoja kila baada ya muda. Nilimwambia Chepkosgei ampe kikombe kizima. Akasema hapana, tumbo lake limesahau kazi, tunalifundisha polepole.

Baba, wiki ya kwanza niliogopa kuliko mwanzo. Uvimbe ulitoka wote na chini yake kukabaki mifupa. Nikasema wanamuua. Nikamfunga mgongoni niondoke. Chepkosgei akasimama mlangoni. "Ukitoka naye leo, utarudi nyumbani peke yako." Nikarudi kitandani. Mpaka leo sijui angefanya nini kama ningemsukuma.

Wiki ya tatu, mwanamke wa jikoni aliangusha sinia la vikombe, na Micah akacheka. Chepkosgei alikuja mbio kutoka upande wa pili. "Ni nani amecheka? Ni wako?" Akaniambia mtoto wa ugonjwa huu akicheka, amevuka.

Baadaye wakamwongezea maharagwe yaliyopondwa, mboga za kijani, papai na yai. Nilimwambia kwetu yai humchelewesha mtoto kusema. Akasema, "Basi achelewe, lakini awepo wa kusema."

Wakati wa kutoka niliuliza yale maziwa ni ya namna gani. Akasema ni ya ng'ombe, yameondolewa mafuta yakakaushwa. Nikakaa chini. Baba, hayo ndiyo Nicodemus humwaga kila asubuhi! Mashine ikitoa krimu ya kwenda kiwandani, yanayobaki hupelekwa kwa nguruwe.

Nimepewa mkebe mmoja. Utaisha. Na jana nimebonyeza mguu wa mtoto wa Akoth.

Mwanao,
Nanyama


Kimilili, 28 Mei 1955

Nanyama, mama,

Asante. Niliposoma mstari wa kwanza nilikwenda kupiga kengele ya kanisa. Ilikuwa Jumanne. Watu wakaja mbio na majembe wakiuliza nani amekufa. Nikawaambia hakuna, ndiyo maana napiga. Wengine wameniona nimeanza kuzeeka vibaya.

Hayo maziwa yaombeni. Msiombe mmojammoja.

Baba yako


Rongai, 3 Julai 1955

Baba mpendwa,

Habari za siku nyingi? Sisi sasa tu wanne. Tarehe nane Juni nilijifungua msichana. Nimempa jina la Mama, Nafula. Ana sauti yake pia.

Sasa sikiliza ya maziwa. Nilipowaambia wanawake, walinicheka. Akoth alitema mate. "Nikanywe na nguruwe?" Basi nikakoroga maziwa ya mkebe kwenye kikombe kimoja, na kwenye kingine nikatia yale ya zizini, nimeyachemsha. Nikawaambia wanionyeshe ya hospitali ni yapi. Walionja, wakabishana, wakaonja tena mpaka vikombe vikaisha. Hakuna aliyejua. Akoth akasema, "Kumbe nguruwe wametushinda akili."

Wiki mbili zilizopita, Jumatatu, hatukwenda kwenye pareto. Tulisimama mlangoni pa zizi, wanawake thelathini na mmoja, kila mtu na mtoto na kikombe. Obura akaja anapiga kelele.

"Rudini shambani! Mnataka watu wa mashamba ya Gilgil waseme huku tunagombania chakula na nguruwe?"

Akoth akamjibu, "Obura, nguruwe wa bwana ana mashavu ya kweli. Mwanangu ana mashavu ya maji."

Bwana mwenyewe akatokea, uso mwekundu, akauliza ni fitina gani hii. Baba, nilikuwa na maneno yangu tayari, nimeyapanga usiku kucha, na yote yakapotea. Nikabaki kumpigapiga Nafula mgongoni. Ndipo Obura, huyo huyo, akamchukua mtoto wa Akoth mikononi, akabonyeza mguu wake kwa kidole gumba, akamwinulia bwana atazame.

Bwana alitazama. Akasema madebe mawili kila asubuhi. Nguruwe walipiga kelele mpaka saa tatu, na sisi tukapiga vigelegele kuwashinda.

Mtoto wa Akoth alilala hospitali wiki moja tu, kwa sababu tuliwahi. Micah amemwuma mtoto wa Obura sikio. Nimemchapa kidogo, kisha nikaenda nyuma ya nyumba nikacheka peke yangu.

Mwanao,
Nanyama


Kimilili, 14 Julai 1955

Nanyama, mama,

Msalimie Nicodemus, na umsalimie mke wangu mdogo Nafula.

Jumapili moja mwezi uliopita nilisimama kanisani nikawaeleza kina mama habari ya kishimo cha Nekesa. Nilipomaliza hakuna aliyeimba. Walikuwa wameinama kwenye viti, wanabonyeza miguu ya watoto. Tumepata watatu. Wote wako hospitali, na mmoja, nimeambiwa asubuhi hii, amecheka.

Nimepata nauli. Jumamosi ijayo nitapanda treni Bungoma, nitafika hapo Rongai Jumapili. Njoo stesheni na Micah, lakini usimbebe. Mweke chini pale mwisho wa jukwaa, umwachie mkono, umwambie babu ni yule mwenye fimbo.

Baba yako