Mama wa Shule na Mama wa Nyumbani

Nyumba ya marehemu Zaki,
Ghorofa ya tatu,
Tanta.

9 Machi 2019

Mpendwa Raafat, mtoto wa dada yangu,

Salamu nyingi zikufikie huko Montreal. Mgongo wako unaendeleaje? Maysa na mabinti hawajambo? Sisi huku miili haijambo, mioyo ndiyo imechoka. Mimi presha imepanda kidogo tangu msiba, na daktari amenikataza chumvi, kwa hiyo nakula ful ya maharage isiyo na ladha kama mtu aliyefungwa. Usiwe na wasiwasi, dawa nameza.

Barua hii nampa binti wa jirani yetu anayesafiri kesho kuja huko. Najua simu zipo. Lakini kwenye simu ungenikatiza, nami ningepata sababu ya kunyamaza, kama nilivyonyamaza miaka thelathini na zaidi.

Mama yako tulimzika Jumapili ile baada ya sala ya adhuhuri, pembeni mwa baba yako. Watu walijaa, hata wale waliokuwa hawasalimiani naye. Sabri ndiye aliyeshuka kaburini kumpokea. Tangazo la gazetini aliliandika yeye pia, na jina lako akalitanguliza ingawa yeye ndiye mkubwa: mama wa Daktari Raafat aliyeko Kanada, na wa Sabri. Nikamuuliza mbona yeye hakujipa cheo chochote. Akaniambia, "Niandike nini, fundi friji? Watapiga simu kuniulizia gesi."

Siku ya tatu wanawake tulikuwa sebuleni tukipokea rambirambi. Akaingia Nihal, yule uliyekuwa ukikaa naye dawati moja, mwenye nywele nyekundu. Sasa amenenepa na ana wajukuu wawili, usishangae, aliolewa mapema. Alikuwa ameliona tangazo. Akapita akitoa mikono, mmoja mmoja, mpaka akanifikia mimi. Mkono wake ukabaki hewani.

"Madamu Tafida?" akasema. "Mbona nimesoma wewe ndiye uliyefariki?"

Wanawake wote wakanigeukia. Sabri alikuwa mlangoni ameshika sinia ya kahawa chungu. Akaiweka chini taratibu, akasema, "Huyu ni mama yake wa shule, dada. Yule wa nyumbani tumemzika Jumapili."

Hakusema kwa hasira, Raafat. Angesema kwa hasira ningelala vizuri zaidi.

Wewe unajua kwamba shuleni mimi ndiye niliyeitwa Tafida, kwa jina la mama yako. Ulikuwa na miaka sita, tulikufundisha kwenye teksi: "Huyu leo ni mama, umesikia?" Ukasikia, na hukuwahi kukosea. Usichojua ni kilichotangulia, na kilichotokea asubuhi ile ile kabla hujaamka.

Sabri ndiye aliyepelekwa kwanza kwenye shule ile, miaka minne kabla yako. Shule ya kulipia kama ile humhoji mtoto, na wazazi vilevile. Mwalimu mkuu alimpa mama yako fomu aijaze mbele yake. Mama yako akasema amesahau miwani nyumbani. Yule mwanamke akavua miwani yake mwenyewe, akampa. Mama yako akaivaa, akaikodolea macho karatasi, machozi yakaanza kumtoka. Sabri alikuwa amekaa pembeni, ameshajibu maswali yake yote, hata kuhesabu kwa Kiingereza mpaka hamsini. Walimkataa kwa upole sana.

Basi akaenda shule ya serikali, ile ya nyuma ya soko, zamu ya mchana. Watoto sitini na wawili darasani, watatu watatu kwenye dawati, na mwalimu aliyefundisha kwa usingizi ili wamfuate nyumbani kwa masomo ya ziada ya kulipia. Alama zake zikamtupa shule ya ufundi. Wewe ulikuwa kwenye basi lenye mapazia, ukirudi na nyimbo za Kifaransa. Watu husema kila mmoja alipata alichostahili, eti wewe ulikuwa na akili na yeye ana mikono. Nilikaa nanyi wote wawili nikiwafundisha hesabu kwenye meza ile ile. Akili zenu zililingana, na kama kuna aliyezidi, hakuwa wewe. Nisamehe kwa kulisema, lakini umelibeba muda mrefu kama haki yako, na mara moja ulimwita mvivu mbele ya watoto wake.

Mama yako aliporudi siku ile ya miwani alijiandikisha ngumbaru. Mihula minne alikwenda, na madaftari ameyafunga ndani ya mtandio ili majirani wasimcheke. Unajua hakusoma kwa sababu yangu. Mama yetu alipokufa alitolewa darasa la pili anilee mimi, na mimi nikasomeshwa hadi chuo cha ualimu. Zamu yako ilipofika, Tafida alikuwa anaweza kumsomea baba yako gazeti. Polepole, akifuata na kidole, lakini anasoma. Na fomu aliifanyia mazoezi mpaka akaijua kwa moyo: jina la mtoto, jina la baba, kazi, elimu ya mama.

Asubuhi ya usaili wako nilifika nikamkuta ameshavaa. Gauni la kijivu, viatu vipya vinambana. Mimi pia nilikuwa nimevaa. Nilikuwa nimeshazungumza na baba yako bila yeye kujua. Nikamwambia, "Tafida, tumeshampoteza Sabri, tusicheze kamari na huyu. Nipe kitambulisho chako." Tunafanana, unajua, na picha za vitambulisho zilikuwa na ukungu. Akasema, "Lakini naweza, Inshirah. Nijaribu, nikusomee." Nikamwambia muda hakuna, teksi inasubiri.

Muda ulikuwepo. Tulifika mapema tukakaa kwenye benchi nusu saa nzima.

Tangu siku hiyo nilimkataza kulisogelea lango la shule yako, nikihofia tutagunduliwa na wewe utafukuzwa. Katika miaka kumi na miwili alikaidi mara moja tu, ulipokuwa na homa na umesahau dawa. Bawabu akamuuliza, "Wewe nani?" Akajibu ni mfanyakazi wa nyumbani kwenu. Akaniletea habari hiyo akicheka, nami nikacheka. Shuleni kwa Sabri alikuwa akiingia atakavyo na kugombana na walimu wa fimbo, hata walikuwa wakijificha wakimwona. Mama yako hakuwa mwoga wa shule, Raafat. Kwako aliogopa kwa sababu nilimwambia aogope.

Sasa nifike ninapokwenda. Januari ulipiga simu, umetoka kwenye sherehe ya shule ya binti zako, na ukamwambia, "Wewe hukuwahi kukanyaga shuleni kwangu hata siku moja." Simu ilikuwa kwenye spika kwa sababu masikio yake yalishachoka, na Sabri alikuwepo. Mama yako alikujibu, "Ni kweli, mwanangu, unisamehe." Hiyo ndiyo simu yenu ya mwisho.

Nihal alipoondoka, Sabri aliniita jikoni akanisimulia. Alisema baada ya simu ile alikasirika, akamuuliza mama kwa nini asikwambie ukweli. Mama yako alikuwa akikatakata majani ya molokhia, hata kisu hakukisimamisha. Alisema, "Nikimwambia atamchukia Inshirah. Na mimi nimeshazeeka, nitaondoka. Atabaki na mama gani?"

Nimekaa na maneno hayo karibu wiki tatu. Alikuachia mimi, na mimi nimeamua kukwambia. Ukinichukia utakuwa na haki, na sitakupigia simu kukusumbua.

Arobaini yake ni tarehe ishirini na nane mwezi huu. Ulisema kazi haikuruhusu, na Sabri amesema hatakubembeleza. Mimi nakubembeleza. Ila ukija, usifikie kwangu kama ulivyozoea. Nitakuwa nimefunga mlango. Fikia kwa kaka yako, akupeleke kwa mama yenu.

Nisalimie Maysa, na Gihan na Lamis uwabusu. Mke wa Sabri anakusalimu, watoto wake pia, na mzee Abdel Ghaffar wa chini bado anakuulizia. Mungu amrehemu Tafida, akulinde katika safari zako, na akuweke wewe na ndugu yako mkono mmoja.

Wako akupendaye,
mama yako mdogo,
Inshirah