Supu ya Baba na Ukurasa wa Tatu

Jumapili, 4 Mei

Mkutano umevunjika. Umevunjika kabisa! Chama chetu cha wasiokula nyama, watu wanaoomba radhi hata wakiua mbu, leo tumezomeana kama walevi. Hoja: maziwa na mayai vitoke kwenye jiko la chama au vibaki? Kocha wa mazoezi anataka vitoke — ng'ombe hakutuomba tumkamue, anasema. Shangazi, mwenyekiti wetu, anataka vibaki. Tukizidisha masharti, anasema, tutabaki watu watano na kiburi chetu.

Kocha akamwambia, mama, ukilegeza maziwa leo, kesho utalegeza nyama. Hapo Shangazi akasimama. Akasema nyama nilishailegeza. Kaka yangu alipokuwa anakufa aliomba supu ya kuku. Nikampikia, nikamnywesha. Haya, nihukumuni!

Kaka yake ni Baba. Baba yangu mimi! Mwanzilishi wa chama, picha yake iko ukutani pale pale. Nilikuwa nimeshika kalamu, naandikia gazeti letu. Sijui kalamu ilikwenda wapi.

Jumatatu, 5 Mei

Gazeti kubwa la mjini limetuandika: "Wala Majani Warushiana Sahani". Uongo mtupu! Sahani ilianguka, moja, tena ya plastiki. Mwandishi wao aliondoka mapema, la supu hakulisikia. Nikashukuru. Halafu nikajionea aibu kwa kushukuru.

Wanachama simu juu ya simu. Wewe ndiye mhariri wetu, andika ukweli, utusafishe. Ukweli! Wangejua unavyonichoma.

Jumatano, 7 Mei

Gazeti letu lina utaratibu wake. Watu wakigombana, hoja ya kila mmoja inaandikwa na mpinzani wake. Mwenye hoja akisema "ndiyo, hivi ndivyo nilivyosema", inachapwa. Akikataa, haichapwi. Mhariri hana sauti hapo.

Kwa hiyo hoja ya Shangazi ilikuwa mikononi mwa Kocha. Nikamwombea aiharibu, Mungu anisamehe! Akiboronga, Shangazi atakataa, yameisha.

Kaleta leo. Kaandika vizuri, jamani! Hakumbeza hata kidogo. Supu kaiweka katikati kabisa: kwamba kwa Shangazi huruma haiishii kwa mnyama, mgonjwa naye ni kiumbe. Nikamuuliza, hilo huwezi kuliacha? Akashangaa. Akasema bila hilo mama huyu anabaki mtu wa kupenda chai ya maziwa tu, na mimi nitakuwa nimemdanganya msomaji.

Nilitaka kumtukana. Kwa kosa gani?

Alhamisi, 8 Mei

Shangazi kasoma. Machozi yamemtoka kidogo. Kasema ndiyo, hivi ndivyo nilivyosema. Nikampigia magoti aseme hapana. Akanikata jicho. Mji mzima unajua narusha sahani, mwanangu, na wewe unataka ninyamaze?

Na Mama kasikia! Nani kampelekea sijui, chama hiki kina midomo. Kanipigia anafoka: ukilichapa hilo, usiniite mama tena. Baba yako alikuwa anatema hata uji wangu. Nilimbembeleza kwa kijiko asubuhi na jioni, anageukia ukutani. Leo niambiwe alikunywa supu ya wifi? Wifi anajikosha kwa jina la maiti!

Kakata. Nikapiga tena, hapokei.

Nikichapa, nimempoteza Mama. Nikiacha, Shangazi anabaki kichekesho cha mji, na mimi sina tofauti na wale wa gazeti la sahani. Na Baba — kwa nini hakuniomba mimi? Maji yamenifika shingoni. Nimekaa jikoni nalia tu, maharage yameungua.

Ijumaa, 9 Mei

Naandika kwenye benchi la mchapaji. Mashine inanguruma. Mara kwa mara mchapaji ananiuliza: dada, ukurasa wa tatu, huu wa supu, tunaupiga chapa au tunauacha? Nimemwambia subiri. Nimebaki na neno hilo moja tu.

Maana Mama kaja. Kaingia bila hodi, mkoba kwapani, nikajua leo nimekwisha. Shangazi alishafika kabla yake, kakaa pembeni yangu. Hawakusalimiana. Mawifi hawa zamani walikuwa wakisukana nywele! Mama kanyoosha mkono: lete nisome. Nikampa. Kavaa miwani, anasoma, midomo inacheza. Nikasubiri achane.

Hakuchana. Kaikunja karatasi, kaikunjua, karudia pale pale pa supu. Nikamwambia, Mama, nisamehe, sina pa kukimbilia. Kamgeukia wifi yake. Kwa sauti ndogo, sijawahi kumsikia nayo:

— Aliimaliza?

Mchapaji kazima mashine bila kuambiwa. Shangazi anamtazama Mama. Mama kavua miwani, kaishika mkononi, anamsubiri.