Ukuta wa Tanuri la Baba

Jabe, Bujumbura
Tarehe 9 Septemba 2001

Mpendwa mdogo wangu Amandine,

Pokea salamu za nyumbani, na pole kwa baridi ya Liège. Mgongo wa shemeji Maxime unaendeleaje? Na Ingrid, bado anakataa maziwa? Sisi tu wazima, tunamshukuru Mungu. Usiku tunasikia bunduki milimani, asubuhi tunakwenda sokoni.

Barua yako niliipata. Unasema niuze tanuri la Baba kwa wanunuzi wa vyuma chakavu, nifunge nyumba, nije huko. Nimeisoma mara mbili na kukasirika mara mbili. Siji. Tanuri lile ndilo kitu pekee tulichookoa duka la mikate lilipoungua, na nikioka mkate nitaweza kubaki kwetu. Kwa hiyo nimelipachika ukutani, sebuleni.

Ukuta wenyewe unaujua. Upande wa pili ni kwa jirani yetu Jokha, na mumewe Nasor, tangu apooze, kitanda chake kimeegemea pale pale.

Mara ya kwanza tuliharibu. Mimi nilitaka uso laini kama ukuta wa benki za Rohero, na fundi Salvator, kwa kutaka kunifurahisha, akapiga saruji mpaka ikagusa chuma. Chuma kikipata moto hutanuka, na saruji haikubali kusogea. Ikapasuka kwa mlio wa risasi. Majirani wote walilala chini, na mimi nilikuwa chini ya meza, nikijificha kwa kuliogopa tanuri langu mwenyewe. Baadaye tulicheka, isipokuwa Jokha. Yeye alikuwa amemlalia Nasor ili amkinge.

Alikuja na vumbi kwenye mtandio, wala hakupaza sauti. “Ernestine, mi sikatazi mukate. Lakini huu ukuta ni ya sisi wote. Siku nikiweka mukono kule kwangu nikasikia moto, hii tanuri inatoka.” Kisha akarudi kwake, akakiburuta kitanda cha Nasor mpaka katikati ya chumba.

Ningegombana naye vipi? Ni kitanda kile kile alichokuficha wewe chini yake wakati wa mauaji ya mwaka wa tisini na tano. Ana haki ya kuogopa.

Basi tulivunja yote. Tulilivuta tanuri mbele, tukasimamisha nyuma yake ukuta mwingine wa matofali ya kuchoma, usioshikana na ule wa zamani. Katikati ya kuta hizo tuliacha nafasi ya kiganja, na matundu chini na juu, hewa ipite. Kuzunguka mdomo wa tanuri hakuna saruji tena. Matofali yameshikwa kwa udongo wa kichuguu, na kati ya tofali na chuma kuna upenyo wa kidole, umejazwa majivu tu.

Salvator alitaka kuweka rafu ya mvule juu ya mdomo, aweke picha ya Baba. Nikamwambia mbao juu ya moto ni kuni zinazosubiri. Picha nimeitundika kwenye ukuta wa mbele, Baba aangalie kazi yake kwa mbali. Alitaka pia tuwashe siku ile ile. Haraka haraka haina baraka. Nikauacha udongo ukauke, kisha nikawasha moto mdogo mdogo.

Lakini urembo sikuuacha. Vile vigae vya sahani za Mama zilizovunjika tulipokimbia, vyenye maua ya buluu, nimevipachika kwenye udongo pande zote za mdomo. Ungeviona ungelia kidogo, halafu ungeniuliza mkate uko wapi.

Jana nilioka tangu asubuhi. Alasiri Jokha aliniita kwake, akaweka kiganja ukutani mbele yangu, akakaa nacho muda mrefu. Akaniuliza, “We umewasha kweli?” Nikamwambia nimewasha. Akaondoa kiganja, nami nikarudi zangu.

Nisalimie sana shemeji Maxime, na umbusu Ingrid. Salvator anakusalimu, na shangazi Spéciose pia, anayekuombea kila Jumapili. Mungu awafunike huko mliko, awape usingizi mwema.

Ni mimi dada yako, ninayekupenda hata ukinikasirisha,

Ernestine

Tena: nilikuwa naikunja barua hii niliposikia kitu kikiburutwa sakafuni kwa Jokha, kikaja kikagonga ukuta wetu. Nimeweka sikio. Ni kitanda cha Nasor.