Konzi Moja kwa Kila Shina

Jumanne

Sukuma wiki ya mama mkwe imeungua, na kosa ni langu.

Wiki jana alinipigia simu kuuliza kipimo cha mbolea, kwa kuwa nafundisha baiolojia. Nilikuwa nasahihisha mitihani. Nikamjibu bila kufikiri: konzi moja kwa kila shina.

Leo nimepitia kwake Ahero. Majani yamelegea, kingo zimekauka, ilhali udongo umelowa.

"Nyathina, mwanangu, namwagilia asubuhi na jioni," akasema. "Mbona bado ina kiu?"

Nikamweleza kwamba mbolea ikizidi, udongo hujaa chumvi, na chumvi huyavuta maji kutoka ndani ya mizizi. Darasani hulionyesha jambo hili kwa kipande cha kiazi kinacholegea ndani ya maji ya chumvi. Shambani kwake limekula mboga aliyotegemea kuuza sokoni.

"Nani alisema konzi moja?"

"Ni mimi, Mama."

Hakufoka; aliinama akaanza kung'oa mashina yaliyoungua. Afadhali angefoka.

Tuking'oa, nikafika kwenye miche mitatu ambayo katikati bado ina kijani. Akanishika mkono.

"Hiyo iache. Usiiguse, na usiipe ushauri."