Maharagwe ya Sabato

Dada Nafula,

Hamjambo hapo nyumbani? Huku Homa Bay jua limenichoma mpaka masikio, na juzi niliaibika jikoni.

Unakumbuka yale maganda ya mpunga niliyofuata Migori? Sisi watafiti tunatoa humo silikoni ya kutengenezea betri za lithiamu. Inabeba chaji nyingi kuliko kaboni ya kawaida, ila ikichajiwa inavimba na kupasuka. Kila ikipasuka, mimi naushindilia unga wake zaidi. Nilikuwa nimeshaanza kufunga mizigo nirudi.

Basi Ijumaa mwenye nyumba wangu, Mama Atieno, akaenda sokoni. Yeye ni Msabato, na chakula cha Jumamosi lazima kiive kabla jua halijatua. Nikajitolea kupika nyoyo, ile githeri ya huku. Nikajaza sufuria mahindi na maharagwe makavu mpaka juu, nikafunika, nikaweka na jiwe. Aliporudi, jiwe lilikuwa sakafuni, jiko limezimika, na maharagwe yametapakaa mpaka chini ya kabati.

"Aii, daktari mzima!" akacheka. "Sasa ulitaka yavimbie wapi?"

Nikainama kuyatazama yale maharagwe, mwiko mkononi. Akadhani nimeona haya, akanipa soda. Kumbe nawaza silikoni yangu, ambayo sijawahi kuiachia nafasi hata siku moja.

Jumatatu naanza upya, na kaboni yenye vitundu kama sponji, silikoni ivimbie humo. Mizigo nimeifungua.

Hapa chini nimeacha nafasi tupu makusudi, ili salamu zangu zikivimba njiani zisikupasulie kadi hii.

Kaka yako,
Wafula