Leo Huenda Wakanipa Mpira

Babu Kanji,

Mwanangu Zuhura ameulamba mpira wako ulioniachia, sasa hivi. Nimegeuka kidogo tu kukaza kanga, nikamkuta ameukumbatia kwa mikono miwili, mdomo mwekundu kama wa mla tambuu. Nimempangusa, anacheka na meno yake manne. Nakuandikia juu ya goti, kwa penseli ya darasa la watu wazima. Herufi zikipanda mlima unisamehe.

Tangu ututoke masika yaliyopita mambo yamegeuka. Duka lako sasa ni la ushirika. Na uwanja, Babu! Ule ambao sisi Waafrika tuliingia kuokota mipira tu, leo tunauchezea. Alfajiri tumetandika mkeka mrefu wa kudundishia mpira na kuupigilia misumari kama ulivyomwonyesha baba, tunacheza kriketi na timu iliyokuja kwa treni kutoka Mwanza. Na mimi nimo. Kweli nimo. Walipatikana kumi, nahodha wetu Athumani akasema Mama Zuhura atakuwa wa kumi na moja. Asubuhi nzima nimefukuza mipira pembeni, kanga nimeifunga kibwebwe.

Sasa ni mapumziko ya chai. Wageni wamebakiwa na wapigaji wawili, na wanakaribia kutushinda. Mrushaji wetu ameteguka kifundo cha mguu. Athumani kasema mpira nipewe mimi nirushe. Nahodha wao akanitazama, akasema, "Shemeji, rudi kivulini ukanyonyeshe." Nikamjibu nimeshanyonyesha, sasa nina nafasi naye. Watu wamecheka mpaka chai ikawapalia. Yeye hakucheka. Anasema akirusha mwanamke, wao wanarudi stesheni. Mwamuzi amewaita manahodha kando. Nasubiri.

Unakumbuka ulivyonifundisha uani kwako, baba akishona barazani? "Zungusha mkono, Binti Fundi, kama unafungua kitasa." Kitasa nilikijulia wapi mimi? Mlango wetu kule Igalula ulifungwa kwa kamba. Nikazungusha kama ninavyosonga ugali. Mpira ukadunda, ukakata upande usioutazamia, ukaangusha vijiti vitatu ulivyovilinda nyuma yako. Nikajua nimeharibu, nikaanza kulia. Wewe ukakaa vumbini na suruali yako nyeupe, ukacheka, ukasema mpira wa namna ile uliutafuta miaka sita Bombay usiupate.

Ndiyo siku uliyonisimulia. Kwamba ujanani ulirusha kule kwenu Gujarat, kisha Bombay, mpaka jina lako likatoka gazetini, ukaitwa timu ya taifa, mama yako akakufumia sweta jeupe. Siku tatu za mechi ukasimama juani. Nahodha hakukupa mpira hata mara moja. Hawakukuita tena. Ukapanda meli, kisha treni, ukaja Tabora kupima vitambaa, na sisi tukadhani umezaliwa na futikamba mkononi.

"Wangeipiga mipira yangu mbali ningevumilia," uliniambia. "Lakini hawakuniacha nijue."

Nilikuwa mdogo, sikuelewa. Leo nimeelewa, Babu. Nami nataka kujua. Hilo tu. Wakinipiga mpaka mpira uangukie Mtendeni sokoni, sawa, nitaufuata mwenyewe.

Dada amemchukua Zuhura. Athumani anaongea kwa mikono, nahodha wao amevua kofia anajipepea. Mwamuzi anatikisa kichwa, sijui anakubali au anakataa. Wachezaji wao wawili wameanza kufunga mizigo. Mmoja ameifungua tena.

Kwaheri, Babu Kanji. Lala salama ulipo, miguu yako isiume. Nakuahidi jambo moja: kuanzia leo, msichana yeyote atakayekuja uwanjani kuomba mpira, nitampa kabla hajamaliza kuomba. Na kama leo watanikatalia, Jumapili nitasimama hapahapa, na Jumapili nyingine, mpaka—

Babu, mwamuzi anakuja huku. Mpira wa mechi anao yeye. Anasema, "Mama Zuhura, haya, njoo urushe," na mimi sasa naiweka penseli.