Aproni ya Josephat

Jumanne, 1 Agosti 1995

Josephat hatoki hospitalini. Daktari hakusema hivyo, ila ameacha kuzungumzia kurudi nyumbani. Figo zote mbili. Teodora, mkewe, alipokwenda kutafuta maji ya moto ndipo mgonjwa akanivuta shati. Anataka azikwe na aproni yake. Ile ya ngozi nyeupe ya kondoo, aliyopewa siku tulipoingizwa lodge ya Frimasoni kule Chikago, tukiwa wanafunzi. Na ndugu wasimame kaburini, kila mmoja adondoshe tawi bichi la mgunga, kama tulivyowazika wazee wa kule.

Nikamwambia ndiyo. Ndiyo! Ndugu gani? Nchi nzima wa lodge ile ni sisi wawili, na mmoja ndiye huyu kitandani.

Alhamisi, 3 Agosti

Nimekwenda kwa Bwana Hasmukh wa duka la vipuri. Kiwanda chetu cha Nyakato kinanunua mikanda ya mashine kwake tangu zamani, na pete yake najua ni ya nini. Sikuwahi kujitambulisha. Leo nikampa mkono kwa namna yetu.

Akaushika sawasawa, papo hapo. Uso ukamchanua! Akaagiza chai. Akaniita ndugu, akauliza lodge gani. Nikamtajia.

Mkono ukarudi mfukoni. Taratibu, asinivunjie heshima. Akaeleza kwamba lodge yetu ni ya weusi wa Marekani, wakubwa wa lodge yao hawaitambui, na kiapo kinamkataza kufanya ibada yoyote pamoja nasi. Hata ya maziko. Si rangi, ndugu yangu, ni utaratibu. Wao wenyewe wanao Waafrika wawili, mmoja wakili.

Haya. Lakini weusi wa kule walianzisha lodge yao kwa sababu Wazungu waliwafungia mlango. Leo tunaambiwa kosa letu ni kutopita mlangoni!

Ameahidi kuwapigia simu wakubwa wao Dar. Ni mtu mwema. Hilo ndilo linaloniudhi zaidi.

Jumapili, 6 Agosti

Chenge, kaka yake Josephat, amevuka kutoka ng'ambo ya ziwa. Ni katekista huko Sengerema na maziko yatakuwa kwao, kwa hiyo neno lake ndilo la mwisho. Tumekaa kwa Teodora, Mabatini. Nikamwamkia vizuri, nikamweleza hamu ya mgonjwa.

Ningenyamaza! Frimasoni hunywa damu, amesema, kila mtu anajua. Mdogo wake alipataje gari? (Pijo lile linalosukumwa kila asubuhi. Shetani gani bahili hivyo?) Karibu na kaburi la baba yao hakifiki kitambaa cha namna hiyo. Akanigeukia: Bwana Kashindye, hapa si Marekani.

Nikasema aproni ni kama sare tu. Nilijisikia nikiyasema hayo, na yalisikika kama uongo. Teodora alikuwa anachambua mchele ambao alikwisha kuuchambua.

Kwa jirani redio inataja vyama vilivyosajiliwa. Siku hizi kila mtu ana chama, na kila chama kinatambuliwa. Sisi je? Wazungu na Wahindi wanatuona weusi mno, na kwetu tunaonekana washenzi wa Kizungu.

Jumanne, 8 Agosti

Hasmukh amenipigia kazini. Dar nao waliuliza Uingereza. Habari ni nzuri, anasema: Uingereza wameanza kuzitambua lodge za weusi wa Marekani, jimbo kwa jimbo. Jimbo letu, la Chikago? Bado. Linafikiriwa.

Nikamuuliza kama figo za Josephat nazo zisubiri jimbo. Nikajuta, maana hakuwa na la kufanya, kama mimi.

Baadaye nimejaribu kuyakumbuka maneno ya kaburini, niyaseme peke yangu. Nusu yamepotea. Yalitungwa yasemwe na wengi, huyu akianza na yule akipokea.

Jumatano, 9 Agosti

Josephat ametutoka. Asubuhi, nikiwa kiwandani. Masikini rafiki yangu. Sikuwahi kumwambia kwamba nimeshindwa. Amekufa akidhani ndugu watakuja.

Ijumaa, 11 Agosti

Naandikia gotini, ndani ya feri. Jeneza liko kwenye pikapu na Chenge amekaa pembeni yake na rozari. Aproni iko kwenye mfuko wangu wa rambo, chini ya sweta. Nimeibeba kama bangi.

Pale gatini, watu wakiwa wameanza kupanda, Hasmukh akatokea. Suti nyeusi, glavu nyeupe, joto lote lile! Mkononi gazeti limeviringishwa. Akampa Teodora pole, akamshika mkono Chenge pia, kisha akanivuta kando na kunipa gazeti. Ndani tawi la mgunga. Amelikata mwenyewe, na miiba imemtoboa glavu.

Amekuja kama mfanyabiashara mwenzetu, akasema, si kama ndugu. Nielewe. Nikamwambia nimeelewa. Nikamwambia pia kwamba ng'ambo hakuna mtu wa lodge yake wa kumwona. Akayatazama maji.

Akavua glavu, akanipa mkono. Kwa namna yetu. Mbele ya watu wote! Honi ikalia, hakuachia. Nikavuta kidogo kuelekea kwenye feri, kidogo tu. Hapo ndipo akaachia.

Bado namwona. Amesimama gatini, glavu moja kavaa, moja hajavaa.

Kamanga, gati la ng'ambo, inakaribia. Chenge amegeuka, ameniuliza lile tawi ni la nini na mfukoni mna nini. Teodora ameinuka, amechukua mfuko mapajani kwangu bila kuniangalia, ameufunika kwa kanga yake na kukaa nao karibu na jeneza. Hajasema atafanya nini. Chenge anamtazama.